Kiraka cha Choma

Siku Bimdogo alipopasuliwa jicho, nyumba nzima ilihamia hospitali ya Kitete, akabaki Maram na mashine. Kaka yake, Hilali, aliondoka na Bimdogo, mama yao, mapema. Wifi yake, Asmahani, akafuata na chupa ya uji, mto na khanga za kubadilisha, utadhani mgonjwa anakwenda kuhiji. Mlangoni Hilali aligeuka, akampa Maram simu ya umoja wa maji.

"Wakipiga wa visimani, pokea. Mengine yote yasubiri nirudi."

"Hata lile tundu?"

"Hata hilo, Maram. Subiri."

Chumba cha nyuma cha nyumba yao, pale nyuma ya soko, ndimo marehemu baba yao alimowahifadhia watu nta na ngozi. Sasa mlikuwa na kompyuta kubwa inayonguruma mchana na usiku. Mafundi wangeiita seva. Bimdogo aliiita ghala, na jina la Bimdogo ndilo lililoshika. Humo zilihifadhiwa programu zinazoendesha visima vya umoja wa vijiji vya Nzega na Igunga. Kila kisima kilifungwa kisanduku cha chuma chenye kompyuta ndogo ndani. Mtu akigusisha kadi yake, kisanduku kinaamuru pampu ya sola ivute. Tena kinaangalia kina cha maji, pampu isije ikanyonya hewa ikaungua. Alfajiri, kila kisanduku kilipiga hodi kwenye ghala la Tabora kwa laini ya simu na kuuliza kama kuna kipya. Karibu siku zote ghala lilijibu kwamba hakuna.

Hilali alilipenda jibu hilo. "Mtu wa kijijini anataka maji," alikuwa akisema, "hataki habari." Visanduku vilikuwa vya zamani, programu zake za zamani, na yeye aliwaahidi wanakijiji kwamba kilichofanya kazi jana kitafanya kazi kesho. Hakuna programu iliyoingia ghalani kabla ya kukaa muda mrefu mezani kwake ikijaribiwa, na hakuna iliyofutwa, hata iliyochakaa.

Lakini kulikuwa na hilo tundu. Watengenezaji wa programu moja, ile inayoviwezesha visanduku kuzungumza kwenye mtandao, walitangaza kwamba wameona upenyo: mtu mwenye nia mbaya angeweza kuingia kutoka mbali na kuiamuru pampu apendavyo. Wao walikwisha kuliziba, ila kwenye toleo jipya tu. La zamani, lililoko visimani, walikuwa wamelitupa mkono kitambo. Maram alimwambia kaka yake siku ileile aliyosoma tangazo. Hilali akasema subiri. Akamwambia tena, akajibiwa vilevile. Sasa huku na huku watu walikuwa wanaandika kwamba mitambo isiyozibwa imeanza kuingiliwa.

Alasiri ile Maram alikaa mbele ya ghala na kikombe cha chai kilichopoa. Alifikiria pampu zikizimwa na mhuni ambaye hata hajui Igunga iko wapi. Alifikiria pia, na hili hakulikiri moyoni waziwazi, uso wa kaka yake akirudi na kukuta kazi imekwisha. Akalishusha toleo jipya, akalijaribu kwenye kompyuta yake aliyotoka nayo chuoni Dar es Salaam, likaenda kama maji. Basi akaliweka ghalani, kwenye rafu ya programu za visima, akaenda kumpikia mama supu ya kuku.

*

Alfajiri alikuwa ameketi mbele ya skrini akingoja hodi. Kisanduku cha kijiji cha Choma ndicho kilichotangulia, maana mnara wa simu uko karibu nacho. Kikauliza kama kuna kipya. Ghala likajibu ndiyo. Kikachukua, kikajizima ili kianze upya. Maram akangoja kirudi kusalimu. Hakikurudi. Akaonja chai, akaangalia tena. Kimya.

Simu ya umoja ikalia.

"Halo, Tabora?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni mimi Ng'washi, mtunza kisima wa Choma. Hiki kisanduku chenu..."

"Pole sana, mama," Maram akasema.

Upande wa pili ng'ombe walisikika wakilia, wengi, kama mnada.

"Pole ya nini?" Ng'washi akauliza. "Bado sijasema."

Alipokwisha kusema, ikawa wazi: kisanduku kilikuwa kinawaka taa, kinakwama, kinajizima, kinawaka tena. Toleo jipya lilihitaji kumbukumbu kubwa kuliko iliyomo kwenye vile visanduku vikongwe. Likianza, linaishiwa pumzi. Na kwa kuwa halikufika hata mahali pa kupiga hodi, hakukuwa na njia ya kukitibu kutoka Tabora. Zamani pampu ilikuwa na swichi ya mkono, lakini wanakijiji wenyewe waliamua iondolewe, baada ya wafugaji kugombana na kufunguliana maji kwa kuviziana.

Maram alimpigia kaka yake wodini. Alisema kila kitu kwa pumzi moja. Alitarajia kelele, angezishukuru.

"Funga ghala," Hilali akasema. "Chomoa na waya wa mtandao. Vijiji vingine visivute."

"Kaka, nisamehe, mimi nilidhani..."

"Umechomoa?"

"Nimechomoa."

"Haya. Weka lile la zamani kwenye flashi, na bisibisi zote. Nakuja kukuchukua."

Walipopitia wodini, Hilali alibadili nia, akataka kwenda peke yake, amwache dada yake na mgonjwa. Bimdogo, jicho moja limefungwa bandeji na lingine limefumbwa kwa usingizi, akaonekana si wa usingizi hata kidogo.

"Nendeni wote wawili," alisema kitandani. "Mmoja akienda peke yake, ataondoka na lawama na mwingine atabaki nazo hapa anisumbue nazo. Mimi nina Asmahani. Nendeni."

*

Pikapu ya kubebea magunia ilipita Nzega bila wao kusemezana. Hilali aliendesha mikono yote miwili kwenye usukani, kama anayefanya mtihani. Maram alijaribu mara moja.

"Ungenigombeza tu, kaka, yakaisha."

"Nikikugombeza maji yatatoka?"

"Hayatatoka."

"Basi."

Baadaye kidogo akaongeza, macho barabarani, "Unajua nilichowaahidi wale watu?"

"Najua."

"Hujui. Wewe ulikuwa Dar. Ulikuja mradi, ukafunga mitambo, ukapiga picha, ukaondoka. Mimi nikawaambia: hawa wameondoka, mimi sina pa kuondokea, nyumba yetu ipo Tabora nyuma ya soko, mnaijua. Nikawaambia hamtaamka siku mkute kitu kimegeuka." Akakohoa. "Leo wameamka."

Maram akatazama nje. Majaruba ya mpunga yalikuwa yamekauka na kupasuka, na vumbi la Oktoba lilisimama juu ya kila ng'ombe aliyetembea.

Walipofika Choma, jua lilikuwa la utosi. Foleni ya ndoo na madumu ilikuwa ndefu, na wenye madumu wamekwisha kukimbilia vivuli vya kuta. Birika la kunyweshea mifugo lilikuwa kavu, ng'ombe wamelilamba hadi limeng'aa. Wenye baiskeli walikuwa wanauza maji ya lambo, rangi ya chai ya maziwa, na watu walikuwa wanayanunua. Ndama mmoja alikuwa amelala ubavu, mwenyewe anamloweshea mdomo kwa kitambaa.

Mwenyekiti wa maji, mzee Sayi, aliwapokea akiwa amesimama. Hakuwakaribisha kiti. Maram akatangulia kumwamkia.

"Shikamoo, mzee."

Sayi akampita kwa macho kama mtu apitaye kisiki, akamgeukia Hilali.

"Bwana Hilali. Umetufungia maji."

"Tumekosea, mzee. Tumekuja kurekebisha."

"Sisi tunalipa michango yetu. Nani aliyelala? Mimi naulizwa hapa tangu alfajiri, nimekosa jibu. Wengine wanasema mmezima makusudi ili mtuongezee bei. Wengine wanasema mtunza kisima amekiharibu."

"Hakuna aliyezima makusudi," Hilali akasema. "Ghala letu limekosea. Naomba tufungue kisanduku kwanza, maneno utanipa yote baadaye, nitayapokea."

Akatoa bisibisi mfukoni. Maram alidhani atainama yeye. Badala yake akamkabidhi dada yake.

"Fungua."

Skrubu ya kwanza ikamponyoka Maram vumbini. Mtu nyuma akacheka. Akaiokota, akaipangusa kwa sketi, akaendelea. Kifuniko kilikuwa kimeungua jua, kinachoma vidole. Alipochomeka kompyuta yake, jua likaifuta skrini yote. Akaona uso wake tu.

Hapo kivuli kikamwangukia. Mwanamke wa makamo, mwembamba, alikuwa amesimama nyuma yake na kitenge amekitandaza kwa mikono miwili, akawafunika wote wawili, Maram na kisanduku.

"Fanya," alisema. "Mimi ndiye Ng'washi. Sauti yako naijua."

Chini ya kitenge kulikuwa na joto la jikoni. Maram alitafuta flashi, akaichomeka. Ng'washi aliongea polepole, chini kwa chini, wa nje wasisikie.

"Mwanangu, niambie kweli. Si mimi niliyekiharibu?"

"Wewe, mama?"

"Jana jioni nilikipangusa vumbi na kitambaa kibichi. Asubuhi kilipokataa nikawaambia watu hivyohivyo, nikidhani labda ndicho kilichokidhuru. Sasa tangu alfajiri wananitazama kama mwizi. Mama mkwe wa mwanangu amepita na ndoo, hakunisalimia. Sayi amesema nitaacha kazi ya kisima."

Maram akaacha kuandika. Tangu alfajiri alikuwa amemhesabu kila mtu ambaye yeye amemkosea: kaka, mama, wanakijiji, ng'ombe. Huyu hakumfikiria. Huyu aliyepiga simu kwa heshima, akaambiwa pole na kuachwa na mzigo.

Akatoka chini ya kitenge, jasho linamtiririka shingoni.

"Mzee Sayi," akasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mama Ng'washi hana kosa. Angekipangusa kwa maji ya ndoo nzima kisingefanya hivi. Wala si kaka yangu. Yeye alinikataza, akaniambia nisubiri. Ni mimi. Nilileta kitu kipya bila kuwauliza nyinyi wala yeye, na kisanduku chenu hakikukiweza."

Watu wakanong'onezana kwa Kisukuma. Hilali alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kwa nini?" Sayi akauliza, na kwa mara ya kwanza alikuwa anamwuliza yeye.

"Kilikuwa na tundu. Mtu wa mbali angeweza kuingia na kuwazimia maji."

"Ukaona afadhali umtangulie wewe kutuzimia."

Kicheko kikapasuka. Maram alihisi uso unamwaka, lakini hakuinamisha kichwa. "Ndiyo, mzee," akasema. "Ndivyo nilivyofanya." Akarudi chini ya kitenge.

Programu ya zamani ikaingia, kidogo kidogo, kama mgonjwa anayenyweshwa uji. Ilikuwapo, nzima, na kila kitu ilichokihitaji kilikuwapo, kwa sababu Hilali hakuwahi kufuta kitu. Mara nyingi Maram alikuwa amemcheka kwa hilo. Kisanduku kikajizima. Kikawaka. Taa nyekundu ikakaa, ikakaa, hata Ng'washi akaanza kunong'ona sala. Kisha ikageuka kijani.

"Kadi," Maram akasema.

Ng'washi akagusisha kadi yake mwenyewe. Chini kabisa ardhini kitu kikanguruma, bomba likakohoa hewa na kutu, halafu maji yakaja, kwanza mekundu, kisha meupe. Ng'ombe hawakungoja foleni. Wachungaji walipiga mbinja na kupiga fimbo hewani, akina mama wakaokota ndoo huku wakicheka na kutukana, na mwenye ndama akapita mbele ya kila mtu bila kuulizwa.

Katika vurugu hiyo mzee Sayi akaja akasimama kando ya Maram, fimbo kwapani.

"Marahaba," alisema.

Maram hakuelewa mara moja. Alipoelewa, ilibidi ajifanye anafunga skrubu.

"Tutakaa kikao," Sayi akaendelea. "Wapo watakaosema tuwaache, kuna kampuni ya mjini imekwisha kuja na vipeperushi. Sina la kuwaahidi."

"Tunaelewa, mzee," Hilali akasema.

Ng'washi hakukubali waondoke na njaa. Aliwapa maziwa mgando kwenye kibuyu, na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na alipomkabidhi Maram akamshika mkono akaukawiza kidogo.

"Mwingine angeniachia mimi," alisema.

*

Nzega walisimama kunywa chai. Mgahawa ulikuwa na meza moja tu tupu, karibu na jiko la chapati. Hilali aliikoroga chai yake muda mrefu ingawa sukari ilikwisha kuyeyuka zamani.

"Leo umesema mbele ya watu kwamba nilikukataza," akaanza.

"Si kweli?"

"Kweli. Lakini hukuniuliza kwa nini."

"Kwa sababu ulikuwa hujalijaribu. Si ndiyo desturi yako?"

Hilali akatikisa kichwa. "Toleo jipya nilijua haliwezi kuingia. Dawa ilikuwa kuchukua kile kiraka peke yake, walichozibia tundu, kukitoa kwenye jipya na kukishona kwenye la zamani. Nilijua hivyo tangu uliponiambia mara ya kwanza." Akaweka kijiko mezani. "Nimejaribu, Maram. Mkilala, mimi najaribu. Nikishona hapa, kunafumuka kule. Sikuwa nasubiri. Nilikuwa siwezi."

Maram akamtazama. Kaka yake alikuwa na mvi mpya juu ya masikio, na vumbi la Choma limezikoza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Mimi ndiye niliyekusomesha. Nimeuza mpaka mizani ya baba. Nilitaka ukirudi unikute najua." Akacheka kicheko kifupi, kibaya. "Kazi hii nimejifundisha mwenyewe, kwa kuokoteza. Kutunza naweza. Kuna mahali nafika, nagonga ukuta. Nikisema subiri, naonekana mwenye busara."

Mama wa chapati akaja, akaona nyuso zao, akaziacha chapati na kuondoka bila kuuliza kama wataongeza chai.

"Na mimi," Maram akasema, "ningekuuliza visanduku vina kumbukumbu kiasi gani, ungenijibu?"

"Hata usingizini."

"Sikukuuliza. Niliona aibu. Msomi mzima, namuuliza kaka yangu kitu ambacho ningepaswa kukijua." Akamega chapati, akamsogezea kipande. "Kushona nitaweza, nadhani. Tulifundishwa. Ila nguo yenyewe siijui."

"Nguo naijua mimi," Hilali akasema mdomo umejaa, kisha akaonekana kushangaa kwamba anakula.

*

Bimdogo aliruhusiwa kurudi nyumbani, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuamuru sinia moja. Si sahani, sinia. Pilau katikati, na wote mikono humo. Hilali na Maram hawakuwa wamegombana tena, lakini kulikuwa na adabu mpya kati yao, ya kupishana mlangoni na kuambizana tafadhali, na mama yao hakuipenda.

"Nyumba hii haijawahi kuwa na tafadhali nyingi namna hii," alimwambia Asmahani kwa sauti ya kusikika. "Nimepasuliwa jicho, hawakunipasua masikio."

Asmahani akacheka hadi akapaliwa. Hilali naye akacheka, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye upande wa Maram wa sinia, ukamwibia ukoko, kama alivyozoea tangu utotoni.

Toleo jipya likaondolewa kwenye rafu ya visima, ghala likarudishiwa waya wake, na kazi ikaanza. Hilali alileta kisanduku cha akiba, pacha wa kile cha Choma, akakifunga mezani. Mahali pa pampu akaweka balbu. Maram alichambua kiraka kile mstari kwa mstari. Alisoma kwa sauti kila kilichobadilika, na Hilali alimwambia toleo la zamani linalifanyaje jambo hilohilo. Mara nyingine aliruka: "Hapo! Hapo ndipo nilipokwama mimi." Mara nyingine Maram alikosea na balbu ikakataa kuwaka, na Hilali akamwambia kwa nini kabla hajauliza. Kiraka cha kwanza kilikataa kushikana na programu kabisa. Kilichofuata kilishika, ila kisanduku kikasahau saa. Maram alitupa kalamu ukutani. Asmahani akaiokota, akairudisha pamoja na bakuli la kashata, bila neno.

Kilipokubali, Maram alitaka kukipeleka ghalani siku hiyohiyo. Kisha akajizuia, akamgeukia kaka yake.

"Tungoje?"

"Tungoje."

Kazi ya kujaribu akapewa Bimdogo, aliyekuwa amekatazwa kuinama, kuinua na kukaa jikoni penye moshi, na aliyekuwa anawasumbua watu kwa kukosa shughuli. Baada ya kila sala alikuja na kadi, akaigusisha, akangoja. "Imewaka!" alitangaza kwa nyumba nzima, na majirani wakadhani umeme ulikuwa umekatika. Siku moja umeme ulikatika kweli, ukarudi, na kisanduku kikaamka chenyewe. Bimdogo akakipigia kigelegele kama bwana harusi.

Mzee Sayi alipiga simu mchana mmoja. Kikao kilikaa, alisema, na kilikuwa kirefu. Wengine walitaka kampuni ya mjini na visanduku vyake vipya.

"Kisha akasimama Ng'washi," Sayi akasema. "Ng'washi haongei kikaoni. Akasema, hawa wakikosea wanakuja, na wakija wanasema ni wao. Akauliza nani anamjua mwenye kampuni hiyo anakaa wapi. Hakuna aliyejibu." Akakohoa. "Mtaendelea. Lakini kwa sharti. Siku mkiwa na kitu cha kutuletea, hata kidogo kama punje, mpige simu kwanza kila kijiji. Mtu aseme ndiyo."

"Tutapiga, mzee," Hilali akasema.

"Siyo wewe. Yule binti apige."

*

Maram alipiga. Aliwaeleza watunza visima, mmoja baada ya mwingine, tundu ni nini, kiraka ni nini, na kwamba wakikataa hakuna atakayewalaumu. Wengi walisema wacha kwanza waone kwa wenzao, na hakuwashangaa. Hilali alisema waanze na kisima kidogo cha Nzega, penye watu wachache, likitokea la kutokea. Lakini Ng'washi alipopigiwa hakungoja maelezo yaishe.

"Mtaanza na nani?"

"Labda Nzega, mama. Hatujui bado."

"Anzeni na sisi."

"Mama, baada ya yale yaliyotokea?"

"Ndiyo maana. Wengine wakipata shida watashtuka. Sisi tumeshazoea." Kisha, bila utani: "Na ndoo zote za Choma nitazijaza jioni, kama akiba. Wewe leta."

Alfajiri ya kupeleka kiraka Choma hakuna aliyelala katika nyumba ya nyuma ya soko, ingawa kila mmoja alikuwa na kisingizio. Asmahani alikuwa anachambua mchele. Bimdogo alikuwa amemaliza kuswali na ameona si vyema kurudi kitandani. Hilali alikunywa kahawa akiwa amesimama, mgongo kwa skrini, kwani alisema skrini zinamwumiza macho. Pikapu ilikuwa imejazwa mafuta, bisibisi zote ndani.

Choma kikapiga hodi. Kikauliza kama kuna kipya. Ghala likajibu ndiyo. Kikachukua, kikajizima. Maram akashika ukingo wa meza.

Kikarudi. Kikasalimu kama kawaida yake, kikanyamaza.

Hakuna aliyeshangilia. Salamu ya mashine si maji. Walingoja, jua likapanda juu ya paa za soko, wauza ndizi wakaanza kuitana nje, na simu ya umoja ikakaa mezani kimya kama jiwe. Hatimaye ikalia. Maram aliipokea kabla mlio haujaisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Vipi huko?"

"Huku salama. Watu wamechota, ng'ombe wamekunywa, wamekwenda malishoni. Nimekaa nakiangalia kisanduku tangu kulipokucha." Ng'washi alisikika akisita, kama mgeni anayeogopa kulalamikia chakula. "Ila mwanangu, sioni kitu chochote kipya. Taa ileile, kadi ileile, maji yaleyale. Mmesahau kuleta?"

Machozi yalimjia Maram bila taarifa.

"Hatujasahau, mama," akasema. "Kimo humo. Ndivyo kinavyotakiwa kuwa."

"Mh! Haya. Basi mimi nakwenda kupika."

Alipoweka simu chini wote walikuwa wanamtazama, hata Hilali.

"Anasemaje?" akauliza, kikombe kimesimama hewani.

"Anasema haoni kitu."

Hilali alikiweka kikombe mezani taratibu. Akavuta kiti, ambacho alikuwa amekataa kukikalia tangu alfajiri, akaketi kando ya dada yake, bega kwa bega. Akacheka, kicheko kirefu kilichomtoa hata Asmahani jikoni na ungo wake.

"Alhamdulillahi," akasema. "Haya, fundi. Kijiji gani kinafuata?"

Maram akajipangusa uso kwa ncha ya mtandio, akatafuta namba ya Nzega, akapiga.